Mtoto wa miaka minne ataona nini Fort Jesus?

Hii ni hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wazazi wa watoto wa chekechea huko Bongwe, walipokuwa wakijadili safari ya darasa kwenda makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa. Tumeichapisha kwa sababu wazazi wa wadi nyingine nao wamekuwa wakiuliza swali hilo hilo.



Mwenyekiti ameshawataja waheshimiwa wote, kwa hivyo sitarudia. Mwalimu amenipa dakika ishirini na amekaa karibu na mlango akiwa na saa yake. Nitajitahidi.

Naanza kwa kusema nimesimama hapa kama nani. Kazi yangu mnaijua: ndiye ninayeandika habari za kaunti mnazozisoma. Lakini leo sikutumwa na ofisi. Nimeitwa kama mzazi. Binti yangu alisoma chekechea, sasa yuko darasa la kwanza, na nimeshakwenda naye Fort Jesus mara tatu. Mara ya kwanza niliharibu. Mara ya pili nikajifunza. Mara ya tatu tulikwenda na wawa yangu, yaani nyanya yangu, na nitawaeleza yaliyotokea.

Katika mkutano uliopita, hoja ya safari haikupita. Nimesoma kumbukumbu za mkutano. Baba mmoja, ambaye namwona ameketi pale chini ya mwembe, alisema: "Mtoto wa miaka minne ataona nini pale isipokuwa mawe? Pesa hiyo bora tununue viatu." Watu wakapiga makofi. Baba, sikuja kukupinga. Mimi mwenyewe niliwahi kusema maneno kama hayo, na viatu ni muhimu. Nilichokuja kufanya ni kujibu swali lako, kwa sababu ni swali la haki: ataona nini?

MARA YA KWANZA

Mara ya kwanza binti yangu alikuwa na miaka minne na miezi kadhaa. Mimi nimesomea uandishi wa habari, na ugonjwa wetu ni kutaka kila kitu kielezwe kikamilifu. Usiku nilikaa nikaandika maelezo kwenye daftari. Nani alijenga, mwaka gani, nani alimfukuza nani. Asubuhi tukachelewa kutoka. Tukapanda tuktuk hadi Ukunda, tukangoja matatu ijae, tukafika Likoni jua limeshapanda, tukasukumana kwenye feri, tukaingia ngomeni saa sita mchana na njaa na jasho.

Nikaanza kumsomea. Kila bao la maelezo lililo ukutani, nasoma, natafsiri, namuuliza, "Umesikia?" Yeye anatazama mjusi. Nikamvuta. Akataka maji. Nikamwambia ngoja tumalize chumba hiki. Akataka kwenda haja. Nikamwambia ngoja kidogo. Hakungoja. Akalia, mimi nikapandisha sauti, watu wakageuka. Dakika thelathini baadaye tulikuwa nje tunakunywa soda chini ya mti. Nauli na kiingilio vimekwenda, na mtoto anakumbuka mjusi tu.

Nilirudi Bongwe nikasema: huyu bado mdogo, mambo haya yasubiri darasa la nne. Kwa hivyo baba, ulilolisema wewe juzi, mimi nililisema kabla yako.

UKUTA WA NYUMBANI

Sasa nitawaeleza jambo ambalo linaniaibisha kidogo.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Idd, tulipaka nyumba chokaa. Mnajua kazi yake. Ukuta ukawa mweupe hata macho yanauma. Jioni nikarudi kutoka kazini nikakuta binti yangu ameokota makaa jikoni na kuchora sebuleni, kutoka mlangoni mpaka dirishani, urefu wa mkono wake. Nilimkaripia vibaya. Sikumpiga, lakini maneno niliyomwambia hayakuwa madogo. Nikamwambia mchafu, nikamwambia ameharibu Idd ya watu. Makaa nikayaficha juu ya kabati.

Hakuchora tena. Si ukutani tu, hata kwenye karatasi. Mwalimu wake ndiye aliyeniuliza, baada ya wiki kama tatu: "Mama, kuna nini? Wakati wa kuchora huyu anakaa mikono mapajani." Nikasema sijui. Nilikuwa najua.

Mara ya pili kwenda Fort Jesus haikuwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa na shughuli Mombasa asubuhi, nikampeleka naye kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia. Shughuli ikaisha mapema, na bado tulikuwa na saa nzima. Sikuwa na daftari. Tukaingia kupumzika tu, tukawa tunatembea anakotaka yeye.

Katika moja ya vyumba vya maonyesho mna kipande cha ukuta wa kale kilichohifadhiwa. Juu yake mna michoro: merikebu, watu, samaki, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Ilichorwa na askari au mabaharia Wareno waliokuwa wakikaa ngomeni katika miaka ya 1600. Si kazi ya fundi mkubwa. Mistari imepinda, na watu wengine wana vichwa vikubwa kuliko miili. Ni watu waliokuwa mbali na kwao, wana muda mwingi na ukuta mweupe mbele yao.

Binti yangu akasimama. Akatazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu kisicho na sauti. Halafu akaniuliza: "Mama, hawa wamechora ukutani?"

Nikasema ndiyo.

"Walikaripiwa?"

Wazazi wenzangu, sikuwa na jibu. Nikamwambia, labda mkubwa wao aliwakaripia. Akauliza, "Mbona haukufutwa?" Nikamwambia watu waliokuja baadaye waliona una maana, kwa sababu unatuonyesha merikebu zao zilikuwaje na walikuwa wakiwaza nini. Akanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nilichora feri."

Sikujua kwamba ilikuwa feri. Sikuwa nimeuliza.

Nilimwomba msamaha palepale. Jioni tulipofika nyumbani nikateremsha makaa kutoka kabatini, nikampa na karatasi za ofisi zilizoandikwa upande mmoja. Akachora mpaka taa ikazimwa.

Kwa hivyo baba, swali lako la ataona nini, jibu langu la kwanza ni hilo. Hukujua ataona nini na mimi sikujua. Mimi nilipanga aone tarehe, yeye akaona watu waliofanya kosa kama lake. Mtoto mdogo haoni historia kama sisi. Anatafuta kitu kinachomhusu. Akikipata, kile kingine chote kitamfuata baadaye darasani.

KILICHOMO NGOMENI

Sasa niwaeleze kwa kifupi ni nini kilichopo pale, ili mkikubali au mkikataa safari hii muwe mnajua mnachokubali au mnachokataa.

Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Ramani yake ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu, umbo lake linafanana na mtu aliyelala chali: kichwa, mikono na miguu. Jambo hili watoto hulipenda sana. Kabla ya kwenda, mwalimu anaweza kuwalaza watoto uwanjani hapa na kuchora mzingo wa mmoja wao kwenye mchanga. Wakifika kule wanauliza: sasa tuko kwenye mguu au kwenye mkono? Mtoto wa miaka minne hawezi kubeba mwaka 1593, lakini anaweza kubeba wazo kwamba alitembea ndani ya tumbo la mtu wa mawe.

Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome hiyo ilizingirwa na majeshi ya Omani, karibu miaka mitatu, mpaka ikaanguka. Wakati wa mzingiro huo, mwaka 1697, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Taná ilizama karibu na ngome. Katika miaka ya 1970 wapiga mbizi na wataalamu walichimbua mabaki yake chini ya maji, na vitu vilivyopatikana vimo ndani ya makumbusho. Kwa watoto wa hapa, ambao wajomba zao ni wavuvi, kumwambia mtoto kwamba hiki kilikaa chini ya bahari miaka karibu mia tatu ni hadithi tosha. Hahitaji zaidi.

Mna mifupa ya nyangumi. Mna mizinga mikubwa inayotazama baharini. Mna vyombo vya kauri vilivyokuja na biashara kutoka mbali, hata China, na vyungu vya udongo vya watu wa pwani hii. Mna nyumba ya enzi za Omani yenye vitu vya maisha ya Waswahili. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia. Watu hupanda ndege kuja kuitazama. Wengine hulala hoteli zetu za Diani na hupita kwenye barabara ile ile wanayopita watoto wetu, wakaenda wakarudi, na mtoto wa Bongwe hajawahi kufika. Hilo hunisumbua.

WAWA NA JELA

Nije kwa jambo la wazee, kwa sababu najua hapa wamo wanaolifikiria na hawalisemi.

Nilipomwambia wawa yangu nataka twende naye, alikataa. Alisema, "Ngomeni? Mimi nikafanye nini jela?" Kuanzia 1895 hadi 1958, serikali ya kikoloni iliitumia ngome ile kama gereza. Wawa alikuwa msichana wakati huo. Kwao walipokuwa wakaidi waliambiwa, utapelekwa Ngomeni. Mjomba wake mmoja alifungwa mle na alipotoka hakuwa mtu yule yule. Kwake yeye lile si jengo la kupeleka mtoto na mahamri.

Sikumlazimisha. Aliyembadilisha ni kitukuu wake. Alimwambia kuna watu walichora merikebu ukutani, na akamwahidi kumwonyesha. Mzee hawezi kukataa kuonyeshwa kitu na kitukuu. Tukaenda watatu, tukiwa tumebeba kiti kidogo cha kukunja.

Langoni wawa alisimama. Akashika ukuta kwa kiganja. Akasema dua. Kisha akaingia. Tulipofika kwenye vyungu, alikuwa mtu mwingine. "Hiki mamangu alikuwa nacho. Hiki cha kupikia mboga. Hiki si cha kupikia, hiki cha maji." Binti yangu akawa anauliza, yeye anajibu, mimi nimesimama nyuma yao na shahada yangu sina la kuongeza. Watoto wawili wa shule nyingine wakasogea kusikiliza.

Njiani kurudi, juu ya feri, mtoto akauliza mjomba alifungwa kwa nini. Wawa akamwambia: "Hakulipa kodi ya Mzungu." Mtoto akauliza, "Hakuwa na pesa?" Wawa akasema, "Hakuwa nazo." Basi. Maneno hayo machache yalimtosha. Mzazi mmoja aliniuliza juzi tuwaambie nini watoto kuhusu utumwa na vita na jela, maana pale yote yamo. Nasema: mwambie kweli, kwa kiasi cha swali lake. Akiuliza dogo mjibu dogo. Usimdanganye na usimmwagie gunia zima.

VITU VYETU VILIKO

Kuna jambo jingine ambalo hunifanya niamini watoto waanze mapema. Makumbusho makubwa ya dunia yamejaa vitu vilivyotoka kwa watu kama sisi. Mtoto wa London huingia British Museum bila kulipa. Mtoto wa Paris huingia Louvre bure mpaka afikishe miaka 18. Wamezoea. Wakiwa wakubwa hawaogopi mlango wa makumbusho, na wanajua kuuliza, hiki ni cha nani?

Wenzetu Wapokomo wa Mto Tana wana ngoma yao kuu, ngadji, ambayo ilichukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1900 na ikapelekwa British Museum mwaka 1908. Imekaa stoo huko. Ndugu zetu Wagiriama walikuwa wakiibiwa vigango, yale magogo ya kuchongwa wanayowasimamishia wazee wao waliofariki. Vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia katika majumba ya watu na makumbusho ya Marekani. Si mti wa mapambo ule. Familia iliyoibiwa kigango iliona kila msiba unaofuata unatokana na hilo.

Lakini vilianza kurudi. Mwaka 2007 vigango viwili vya familia moja, vilivyoibwa katika miaka ya 1980, vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho mawili ya Marekani. Mwaka 2019 vikafika vingine 30 kutoka Denver. Havikurudi vyenyewe. Kuna mtu aliyetazama kwa makini, akakumbuka mahali alipokuwa amekiona kigango kile, akauliza. Mimi nataka watoto wa Kwale wawe watu wa kutazama hivyo. Hilo halianzi chuo kikuu. Huanza pale mtoto anaposhikwa mkono na kuambiwa, tazama, unaona nini?

SWALI LA KWALE

Najua kuna mtu atauliza, na ana haki: kwa nini tuvuke feri? Makumbusho ya Kwale yako wapi?

Nitajibu kwa ukweli na sitatoa ahadi, maana ahadi si kazi yangu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inasema elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Jedwali hilo hilo linataja maktaba na makumbusho kuwa miongoni mwa majukumu ya kaunti. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, kama Fort Jesus, yako chini ya serikali ya kitaifa kupitia Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kwa hivyo mtu akitaka makumbusho ya watoto hapa Kwale, mlango upo. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kila mwaka kufikia tarehe 30 Aprili, na lazima wananchi watoe maoni. Matangazo ya vikao hivyo naandika mimi. Najua ni wangapi huja. Mara nyingi huja wanaotaka barabara na maji, na wana haki, lakini sijawahi kumsikia mtu akisimama kuomba mahali pa watoto kuona vitu vya mababu zao. Njooni mseme. Kisichosemwa hakiandikwi.

Na tusisahau tulicho nacho. Kaya Kinondo iko hapa karibu. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya Fort Jesus. Kuna mapango ya Shimoni. Kuna msikiti wa kale wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Kaya ina miiko yake, mgeni hufungwa kaniki na kuongozwa na wazee, na hapo ndipo mtoto hujifunza kwamba mahali pengine huingii unavyotaka. Mkiona feri ni mbali kwa mwaka huu, anzeni na hizo. Sitanuna.

MKIAMUA KWENDA

Namalizia na mambo ya mfukoni na ya miguuni, kutokana na makosa yangu mwenyewe.

La kwanza, ondokeni alfajiri. Makumbusho hufunguliwa asubuhi. Mkifika saa tatu, jua bado lina huruma. Kufikia saa tano muwe mmemaliza.

La pili, feri. Anayevuka kwa miguu halipi, lakini pale hatuhesabu pesa, tunahesabu watoto. Napendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, wameshikana mikono, na wahesabiwe kabla ya kupanda, ndani ya feri, na baada ya kushuka. Wavalishwe rangi moja. Kila mtoto awe na namba ya simu ya mwalimu imeandikwa kwenye kitambaa na kushonwa ndani ya nguo. Msiiandike kwenye karatasi, jasho litaifuta.

La tatu, kiingilio. Bei hubadilika, kwa hivyo sitaitaja hapa. Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo mtu mzima abebe kitambulisho. Makumbusho yana kitengo cha elimu kinachopokea shule. Mwalimu apige simu mapema, aulize bei ya shule na aombe mtu wa kuwaongoza anayezoea watoto wadogo.

La nne, chooni kwanza, chakula kwanza. Kabla ya kuona hata jiwe moja. Mahamri, ndizi, maji. Mimi nilijifunza hili kwa machozi.

La tano, chagueni vitu vitatu tu. Mchoro wa ukutani, mifupa ya nyangumi, mizinga. Au vyungu, kama mna mzee wa kuvieleza. Vitatu vikitazamwa vizuri vinatosha. Mkipita vyumba vyote mtarudi na watoto waliochoka na hawakumbuki kitu.

La sita, msisome mabao ya maelezo kwa sauti. Ulizeni. Unaona nini? Unadhani alikuwa anafanya nini? Kinafanana na nini nyumbani? Halafu nyamazeni, mpeni mtoto muda. Sisi wazazi tuna haraka ya kujibu maswali tuliyouliza wenyewe.

La saba, waambieni kabla ya kuingia kwamba tunatazama kwa macho na mikono iko nyuma. Waelezeni sababu: wamepita wengi kabla yetu na watakuja wengi baada yetu, na kila mkono unapunguza kidogo. Kuta za ngome zina vilele virefu vya kuchungulia bahari, na huko juu mtoto haachiwi hata kidogo.

La nane, wachukueni wazee wawili au watatu. Kama kuna nafasi moja imebaki kwenye gari, msimpe mwalimu wa ziada, mpeni bibi ya mtu.

La mwisho, mkirudi, siku inayofuata wapeni makaa na kitu cha kuchorea. Msiwaulize mlijifunza nini. Tazameni walichochora, kisha ulizeni, hiki ni nini?

Kuhusu gharama, nimeongea na mwalimu. Kamati imependekeza mchango ulipwe kidogo kidogo kwa muhula mzima, na mzazi asiyeweza amwone mwalimu faraghani, mtoto wake asiachwe. Hilo ni muhimu kuliko yote niliyosema. Safari ikiwa ya watoto wa wenye nacho tu, afadhali isiwepo. Na baba yangu pale chini ya mwembe, kama kuna mtoto hapa asiye na viatu, tuanze na viatu vyake. Mimi nitatoa changu katika yote mawili.

Sasa nakaa chini. Mwenyekiti atauliza wanaokubali wainue mikono. Inueni au msiinue, mradi mmejua. Sebule yangu nilishaipaka chokaa tena, lakini niliacha kipande kimoja karibu na dirisha. Wageni huniuliza ni uchafu gani ule. Nawaambia ni feri ya Likoni.